Pazia la Upande Mmoja

9 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yako yanakubali kupanda ngazi siku hizi bila kukusimanga. Mimi sijambo. Mafua yaliyonishika mwezi uliopita yamekwenda, yameniachia kikohozi kidogo cha kuagana. Jumapili nilimpigia Mama, akasema nyote wazima, kisha sauti ikaanza kukatika-katika, na kabla sijauliza habari za duka lenu la ushonaji simu ikafa kabisa. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Na wewe mwenyewe husema barua ni bora, hakuna wa kukudakia maneno.

Darasa langu la jioni limejaa mpaka mlangoni. Nina mlinzi wa benki, wauguzi wawili, mpishi wa hoteli, na mzee mmoja mshona viatu anayejifunza Kiingereza ili agombane vizuri na mkwewe aliyesoma. Wiki hii tulifika kwenye neno lao la "break up". Nikaliandika ubaoni na kuwaambia kwamba lina kazi nyingi. Shule zikifungwa, Waingereza hulitumia hilo. Mkutano ukitawanyika, hilo hilo. Watu wakipigana ukaenda kuwaamua, meli kuukuu ikikongolewa ikauzwa vyuma, hata ile sauti ya Mama iliyokuwa ikikatika kwenye simu, yote ni hilo. Mlinzi akanyoosha mkono, akauliza, "Mwalimu, hawa watu waliishiwa maneno?" Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka.

Maana ya mume na mke sikuifikia, muda ulikuwa umekwisha. Niliwaahidi kurudi na mifano ya Kiswahili cha watu, si cha kamusi, nikakukumbuka wewe. Mtu anayepimwa kiuno husema mengi. Niandikie, kila kinachotengana na neno lake.

Mkwe wenu yupo, kazi zimemzonga. Lifti za mji huu hazina adabu, zinakwama na watu ndani hata siku za sikukuu, na fundi wao ni yeye. Mama msalimie sana mkiwa mezani.

Mwanao,
Mwalimu

2 Machi

Mwanangu Mwalimu,

Marahaba. Goti moja linanisikiliza, jingine lina mawazo yake. Mwenye nyumba amepaka ukuta wa mbele rangi ya maziwa yaliyolala, anaringa kama kajenga upya. Wengine hatujambo.

Nimecheka na huyo mlinzi wako, lakini ana haki. Kwetu udongo hupondwa, mkutano hutawanyika, ushirika huvunjika, watu huachana. Hata kwenye kitambaa peke yake sikubali neno moja. Ukifuata uzi taratibu hadi mshono ukalegea, umefumua, na kitambaa chako kizima. Ukivuta kwa hasira, umechana, na hapo hakuna fundi. Sasa wewe niambie, mtu anamwacha mkewe kwa neno lile lile la kufungia shule. Si mke atakaa dirishani akimngoja muhula ujao?

Nimekuandikia hayo kwanza kwa sababu nilikuwa natafuta ujasiri wa haya mengine. Umeniambia nimsalimie mama yako tukiwa mezani. Meza hiyo haipo. Mimi na mama yako tumegawana duka.

Yeye hakutaka ujue. Alisema usisumbuliwe, una ndoa na kazi. Mimi naona mficha uchi hazai, na afadhali uambiwe na mimi kuliko na wapita njia. Alikuja bibi harusi kujaribu gauni, kola ikakaa kombo. Akauliza nani ameiharibu. Nikamjibu, "Mimi nashona nilichokatiwa." Mama yako alikuwa amepiga magoti nyuma yake anashika pindo, pini zimejaa mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake, akasema, "Basi kesho utashona utakachokata mwenyewe." Hakupandisha sauti. Angepandisha, ningejua pa kumshikia.

Tukagawana kwa haki, mtu asije akasema. Tangu marehemu kaka yangu alipotufungulia duka lile, mama yako ndiye mkataji na mimi ndiye mshonaji. Kwa hiyo mikasi, chaki, futi na vielelezo vyote vya karatasi vikawa vyake. Cherehani zote, nyuzi na pasi vikawa vyangu. Ikabaki meza ya kukatia, na hakuna aliyekubali kuiacha. Mama yako akapiga mstari wa chaki katikati, umenyooka kama mistari yake yote, tukamwita seremala. Seremala alituuliza mara mbili kama tuna hakika. Akasema mbao ile ingetuzika sote. Tukamwambia akate.

Yeye amebaki kwenye chumba cha zamani. Mimi nimepanga chumba ng'ambo ya barabara, tunatazamana mlango kwa mlango. Nusu yangu ya meza nimeitilia miguu mipya.

Asubuhi iliyofuata ndipo tulipoona tulichokifanya. Mama yako ana mikasi ya kutosha kikosi, hana cherehani hata moja. Mimi nina cherehani, na unajua mkono wangu ukishika mkasi nguo hutoka kama imetafunwa na mbuzi.

Usiniandikie kunihukumu. Niandikie habari zako.

Shangazi yako

24 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kwenye benchi la chuo kabla ya kipindi. Nilipofika kwenye mikasi nilicheka mpaka muuguzi mmoja akaja kuniuliza kama niko salama. Kisha sikucheka tena.

Sikuhukumu. Ndugu wakigombana, husemwa, chukua jembe ukalime, na mimi jembe langu ni chaki ya ubaoni. Lakini nimeumia, nisikufiche. Nimejifunza kutembea nikizunguka miguu ya meza ile. Kazi za shule nilifanyia chini yake, natazama miguu yenu minne, ya Mama inapiga dansi polepole anapokata, yako inakanyaga cherehani. Nilidhani nyinyi wawili mngeshinda chochote. Baba angekuwepo angesemaje? Nadhani asingesema neno. Angewapikia chai, akaiweka katikati.

Mama nimempigia. Ameniambia hali ya hewa. Nikamuuliza duka, akasema duka lipo. Nikamuuliza wewe, akasema upo. Nikamuuliza meza, simu ikakatika, na safari hii sina hakika kama ni mtandao.

Darasani niliwapa maneno yako ya kitambaa, yakawafurahisha sana. Mshona viatu alisema hata ngozi ni vivyo hivyo. Ile maana ya mwisho bado sijaifundisha. Tuliingiliwa na mtihani.

Barua zijazo nitumie kwa anwani ya chuo niliyoandika nyuma ya bahasha. Posta ya mtaani kwetu siku hizi inapoteza vitu.

Nakupenda, na Mama nampenda, na sitachagua.

Mwalimu

29 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mvua zimepungua, nguo zinakauka, na mpangaji wa juu amepata mtoto anayelia kwa sauti ya tarumbeta. Nimemshonea kofia bila kuombwa, labda itazuia.

Nikueleze biashara yetu ilivyo, maana mtaa mzima unatucheka. Mteja huenda kwa mama yako na kitambaa. Mama yako humpima, hukata, hufunga vipande kwenye bunda, humwambia, "Sasa tafuta wa kukushonea." Mteja husimama mlangoni, hutazama kushoto na kulia, kisha huvuka barabara na kuja kwangu. Nami wakija na kitambaa kizima huwaambia watafute wa kuwakatia. Hawatafuti mbali. Sijamtumia salamu, hajanitumia. Wateja ndio wanaochoka miguu.

Lakini kuna jambo, nikwambie wewe tu. Unakumbuka mama yako huweka alama za chaki upande wa ndani wa kitambaa? Kijisamaki maana yake legeza hapa. Msalaba maana yake usivute, kitambaa hiki ni kigeugeu. Tulizitunga wenyewe tulipokuwa wasichana tunajifunza ufundi, hakuna fundi mwingine anayezijua. Nilidhani ataziacha. Hakuziacha. Kila bunda linakuja limejaa samaki. Wiki iliyopita lilikuja gauni, na kwenye kola alikuwa amepiga mistari miwili, kwa nguvu, chaki imevunjikia pale. Hiyo haikuwa alama ya kazi. Hilo lilikuwa neno, na mimi nimelisoma. Nikashona ile kola kwa mkono, tundu kwa tundu, kama ya malkia. Sijui kama aliiona. Kiburi chetu sisi wawili kingetosha kuezekea nyumba.

Sasa zamu yako. Kwenye barua yako mkwe wetu hakuwemo hata kwenye salamu. Sikulazimishi. Jicho langu ni la fundi, huangukia pale uzi ulipokosekana. Kama ni mgonjwa, sema. Kama ni safari, sema.

Shangazi yako

17 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Ulikuwa msimu wa mitihani, nilisahihisha mpaka macho yakaota mchanga. Mpishi amefaulu. Mlinzi amekosa kidogo, lakini amekosa kwa Kiingereza kizuri.

Niliianza barua hii mara kadhaa, kila mara inakuwa ndefu kisha naichana. Hii nitaituma hivyo hivyo.

Pamoja nayo nimekutumia furushi. Ndani kuna pazia. Dirisha nililo nalo sasa ni dogo, halilihitaji, na kitambaa ni kizuri, ni dhambi kukiacha kabatini. Nishonee chochote utakachoona. Kama utahitaji mtu wa kukata, basi unajua wa kumpata.

Siwezi kuandika zaidi leo.

Mwalimu

11 Julai

Mwanangu,

Leo sikuanza na magoti. Yako mahali pake.

Furushi lilifika mchana, nikalifungulia kwenye nusu yangu ya meza. Sikumaliza hata kulikunjua pazia, nikalijua. Kitambaa cha zambarau, bitana nyeupe, mikunjo ya juu niliyoibana kwa vidole hivi hivi wiki ya harusi yako. Mama yako alikata, mimi nikashona, na tulikushonea mawili, yanakutana katikati ya dirisha. Nikatazama tena ndani ya furushi. Nikaligeuza nje ndani, nikalikung'uta. Pazia lilikuwa moja.

Nikavuka barabara. Tangu siku ya seremala sikuwa nimekanyaga kizingiti kile. Mama yako alikuwa na chaki mkononi, akanitazama usoni, kisha akatazama nilichobeba. Alikipitisha kidole gumba ukingoni, kama anavyofanya.

"La pili liko wapi?" akauliza.

Nikamwambia, "Litakuwa kwa mwenzake."

Akakaa kwenye kigoda cha wateja. Baadaye akaniuliza umeandika nini, nikamwambia umeandika kwamba dirisha limekuwa dogo. Akasema mtoto huyu hajawahi kujua kudanganya, tangu alipokuwa akificha sahani iliyovunjika chini ya godoro analolalia mama yake. Akalia. Na mimi nikalia, sioni aibu kukuandikia, kwa ajili yako na kwa ajili ya mambo mengine yaliyokuwa yamesubiri pale pale.

Halafu tukafanya kazi, maana hatujui kitu kingine. Pazia lenye bitana halikatwi mpaka lifumuliwe, na kila mshono ulikuwa wangu. Nikakaa kwake nikafumua mikunjo, nikafumua bitana, nikafumua upindo, taratibu, na mama yako akangoja na mkasi mapajani bila kunihimiza. Alivyo na papara yule, nikajua amejizuia. Aliuliza neno moja tu katikati. Aliuliza kama unakula. Nikasema sijui. Akasema na yeye hajui, na kwamba amekaa miezi anaogopa kukuuliza la maana kwa kuwa naye alikuwa na la kukuficha.

Alikukatia gauni bila futi, kwa vipimo vya harusi alivyonavyo kichwani. Nilipokusanya vipande nivuke nikashone, akanizuia. "Utavuka na nguo ya mtoto wetu kwenye vumbi lote hili?" Kwa hiyo nikaenda kuleta cherehani ndogo. Mpaka sasa iko kwake. Ni nzito, na goti langu unalijua.

Kola imekaa sawa. Hakuna aliyesema ni kazi ya nani.

Gauni ndilo hili. Mwanangu, hatukuulizi kwa nini. Tunakuuliza uko wapi, unalala wapi, na nani anakupikia ukiugua.

Shangazi yako, na mama yako amekaa hapa anasoma begani kwangu, anasema niandike kubwa

2 Agosti

Mama, Shangazi,

Shikamooni. Ni barua yangu ya kwanza kuwaandikia nyote wawili, na ni ya kwanza ya kweli mwaka huu.

Mimi na mume wangu tumeachana. Ni tangu Januari. Nilipokuandikia Shangazi kwamba lifti zimemzonga, alikuwa amehama tayari. Hakunipiga, hakunitukana. Hapakuwa na mtu mwingine, kwake wala kwangu. Tulifika mahali tukawa tunaulizana tu kama maji yamechemka. Nilikuwa narudi kutoka darasani nilikoongea jioni nzima, nafungua mlango, na kinywa kinajifunga chenyewe. Siku moja alikuwa anafunga kamba za viatu, akaniuliza kama na mimi nimechoka. Nikasema ndiyo. Niliona nafuu, kisha nikaona aibu kwa ile nafuu, na aibu ndiyo iliyoninyima kuwaambia.

Tukagawana kwa haki, kama nyinyi. Viti nusu, sahani nusu. Mapazia hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake, maana na yeye aliyapenda, akachukua moja, nikachukua moja. Ana pazia lisiloziba dirisha, na mimi hivyo hivyo. Barua yako ya meza ilipofika nilicheka kwa kuwa niliiona nyumba yangu.

Nakaa chumba kimoja nyuma ya chuo. Ni kisafi. Muuguzi wa darasani ni jirani, nikiugua ananipikia uji mzito kupita kiasi. Ninakula, Mama, ila si vya kutosha.

Wiki hii nimeifundisha ile maana ya mwisho. Nikaiandika, nikasema kwa Kiswahili ni kuachana, na sauti ikanikatika kidogo. Mshona viatu akauliza kwa upole kama watu hao hurudiana. Nikamjibu wengine hurudiana, wengine hapana, na Mwingereza hakuweka alama ya kukuonyesha ni wepi.

Shangazi, uliuliza kama mtu asingekaa dirishani akingoja muhula ujao. Mimi singoji. Yangu ni ya kuachana, na nimeikubali. Lakini yenu nimeitazama kila upande, na naona ni ya shule kufungwa tu. Mmepumzika vya kutosha.

Gauni ni zuri kuliko nguo zangu zote, na limenipwaya. Kiunoni ngumi inaingia. Fundi wa hapa alitaka kulipunguza, nikamnyang'anya. Mwisho wa mwezi tunafunga chuo, nitakuja nalo hivi hivi. Nitahitaji mtu wa kunipima na mtu wa kushona, na mkae chumba kimoja, kwa sababu nimechoka, siwezi kuvuka barabara na pini mwilini.

Mwanenu

20 Agosti

Mwanetu,

Marahaba, sote wawili.

Cherehani zimevuka zote. Meza imevuka jana. Tulimwita yule seremala, akaziweka nusu mbili pamoja, akazitazama, akakaa chini kucheka. Miguu niliyotia mimi ni mifupi. Sasa meza ina ngazi katikati, na mstari wa chaki wa mama yako bado unaonekana pale msumeno ulipopita. Seremala alitaka kurefusha miguu, mama yako akakataa. Anasema tutakatia upande wa juu, na upande wa chini tutakulia, na wewe ndiye wa kwanza kukaa hapo, ule mpaka gauni likubane.

Njoo.

Shangazi yako na Mama yako